Kiti Nilichomshonea Mwalimu, na Mgongo wa Mama Moraa

Vijana, watu hudhani anayelijua gari ni fundi wa injini. Injini haimjui mtu. Kinachomjua mtu ni kiti: uzito wake, jasho lake, upande anaoegemea akidanganya, na mahali alipomwaga chai halafu akamsingizia mtoto. Mimi nimeshona viti vya magari mjini Kisii miaka thelathini na minane. Viti vingekuwa na midomo, nusu ya mji huu ingehama.

Aliyenifundisha ni Mzee Faraji, jirani yetu mtaani, mtu mnene na mpole. Kipimo chake cha kiti kilikuwa kimoja tu. Kiti kikishashonwa na kurudishwa ndani ya gari, alikikalia, akaletewa sahani ya wali, akala. Mteja alikuja kuchukua gari akamkuta fundi ndani, anachambua samaki. "Usinisumbue," alimwambia, "niko kazini." Na kweli alikuwa kazini. "Swaleh," aliniambia, "kiti kikikuhamisha tako kabla sahani haijaisha, kifumue."

Kiti cha zamani kilifumuliwa na kikashonwa tena. Ndani mlikuwa na springi za chuma, juu yake gunia, juu ya gunia makumbi ya nazi, halafu sponji, halafu ngozi ya kuiga. Ukiwa na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, uzi wa nailoni na subira, kiti hicho kilikuwa na umri mrefu kuliko mwenyewe. Siku hizi kiti ni sponji moja iliyomwagwa kwenye kalibu kama keki, na ndani yake nyaya. Nyaya! Mwaka wangu wa mwisho kazini nilichana kiti cha gari jipya nipate kuweka kiraka, nikakata waya mmoja mwembamba kama uzi. Gari likiwa limeegeshwa, limezimwa, halina hata dereva, likaandika kwenye dashibodi kwamba limepata ajali. Mwenye gari alikuwa anakunywa soda ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio kuulizia majeruhi.

Msidhani makosa yangu yalianza na nyaya. Niliwahi kumshonea padri mmoja kiti cha mbele, na kwa haraka nikashona na shati langu mwenyewe, ncha yake ya nyuma, ndani ya mshono. Padri alikuwa amechelewa misa Nyamira. Tulivuta, tukavuta, akaangalia saa yake, akasema, "Basi twende wote." Nikaenda Nyamira nimeshikwa na kazi ya mikono yangu, nikangoja nje ya kanisa ndani ya gari hadi misa ikaisha. Waumini walipita dirishani wakinisalimia kwa heshima. Mmoja aliniomba nimwombee, nikamwombea. Ningefanya nini?

Basi nimestaafu. Lakini kuna kiti kimoja kilinifuata hadi kwenye ustaafu wangu, na ndicho ninachotaka mkisikie, kwa sababu mtakuwa mafundi, na mafundi wote hudhani kazi ikishatoka mlangoni imekwisha.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilipigiwa simu na Mwalimu Nyakundi wa Birongo. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na mpaka leo anaongea kama mtu anayengojea darasa linyamaze.

"Fundi, njoo haraka. Wanataka kumuuza mzee."

"Mzee gani, Mwalimu?"

"Huyu wa hapa nyumbani."

Nikaogopa. "Nani anataka kukuuza?"

"Si mimi, Fundi! Gari!"

Gari lenyewe nalijua. Ni lile lenye nyuma ndefu, lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya maziwa yaliyolala. Mwalimu humwita Mzee. Viti vyake vyote nilivishona mimi, mwanzo mwisho, wakati binti yake Moraa alikuwa darasa la tatu. Mwalimu alivipenda sana hata akawaleta walimu wenzake wote wavikalie, zamu kwa zamu, kila mmoja dakika tano.

Nilifika Birongo nikakuta magari mawili yametazamana uani kama majogoo. Upande mmoja Mzee. Upande wa pili gari jipya la Moraa, jeusi, limeinuka juu, lina macho ya hasira. Moraa sasa ni mpimaji wa ardhi, amehamishiwa kazi mjini Kisii, na amerudi na maoni.

"Baba Fundi, afadhali umekuja," alisema. "Mwambie Tata ukweli. Hili gari linamuua Mama."

Tata ni baba, kwa Kigusii. Na mama aliyekuwa akisemwa, Mama Moraa, alikuwa amekaa kwenye stuli penye mlango wa jikoni, anachambua maharagwe, kimya. Alikuwa ameteleza shambani kwa majani chai miezi minane kabla ya hapo, akaumia mgongo. Hospitali Kisii walimwambia aende kila wiki wamnyooshe na kumfundisha mazoezi. Alikwenda mara mbili na Mzee, halafu akakataa. Hakueleza. Alisema tu hataki. Tangu hapo alitembea ameinama, ameshika ukuta, na ukuta ulipokwisha alimshika mtu.

"Anakataa kwa sababu ya lile gari," Moraa alisema. "Nimepata mtu wa Masimba ananunua vyuma vikuukuu. Anakuja Jumatano."

"Vyuma!" Mwalimu alishika paji la uso. "Fundi, mimi nimeendesha hili gari toka huyu akiwa ananyonya. Halijakataa kuwaka hata siku moja. Hilo lake ni simu iliyowekewa magurudumu. Juzi lilikataa kufunguka kwa sababu ufunguo uliisha betri. Ufunguo! Umesikia wapi ufunguo unakufa?"

"Tata, kuna raha ya kukaa na kuna kuwaka. Mama hakai kwenye injini."

"Basi Fundi aamue. Viti ni kazi yake."

Mnaona mtego huo? Kiti cha upande mmoja nilikishona mimi mwenyewe. Ilikuwa kama kuitwa kuamua kesi ambayo mshtakiwa ni mtoto wako. Lakini nilifurahi, na nitawaambia ukweli: nilishaamua kabla ya kukaa. Nilijua kiti changu kitashinda.

Tukakubaliana tufanye safari. Tungekwenda Ikonge, kwa dada yake Mama Moraa, Bosibori, ambaye hawakuwa wameonana tangu aanguke. Kwenda kwa Mzee, kurudi kwa gari la Moraa, barabara ile ile, na mimi nikae nyuma na mgonjwa safari zote mbili. Ijumaa ni siku yangu ya msikiti, Jumamosi ni Sabato yao, kwa hiyo ikawa Jumapili. Nilipopita jikoni kuaga, Mama Moraa aliniambia kwa sauti ya chini, "Wamepanga vizuri. Hata maharagwe nimeyauliza kama yanataka kupikwa." Nikacheka bila kuelewa.

Jumapili tukapanda. Kumwasha Mzee ni ibada. Mwalimu alikanyaga mafuta mara tatu, akavuta kile kidude cha kuongeza petroli, akageuka akasema, "Kimya tafadhali," tukanyamaza kama tuko mtihanini. Akawaka. Moraa akatufuata nyuma, peke yake katika gari lake.

Mama Moraa alizungusha kioo chake kwa mkono hadi chini. Watu wote waliokuwa wakitoka kanisani na wanaochuma ndizi walimwona. "Eee, Mama Moraa! Umepona?" Alisalimia kwa mkono wa kulia, ulipochoka akaendelea na wa kushoto. Mwalimu alikuwa anamwangalia kwenye kioo cha juu, cha kutazamia nyuma.

"Mama Moraa, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa," akajibu, na tabasamu.

"Umesikia, Fundi? Hata hakuna kelele!" alipiga ukelele, maana bila ukelele tusingemsikia kwa jinsi milango ilivyokuwa ikigongana na fremu zake.

Tukaacha lami, tukaingia barabara ya mchanga na mashimo. Hapo ndipo nilipoona. Kila Mwalimu alipotazama kioo, mke wake alitabasamu. Kila alipotazama barabara, mke aliuma pindo la leso na kushika kile kishikio cha mlango mpaka vidole vikapauka. Kioo, tabasamu. Barabara, leso. Nilidhani nimeona vibaya, macho yangu si ya kutegemewa. Nikahesabu mashimo sita. Mara sita.

"Uko sawa?"

"Raha tupu, Mwalimu."

Nikapitisha mkono taratibu pale katikati, upande wake. Chini ya ngozi palikuwa na chuma kimeinuka kama goti. Nilimjua yule springi. Vijana, nilimjua kama mnavyomjua mtu anayewadai. Siku nilipokishona kiti kile, kesho yake ilikuwa Idi. Mama yangu alikuwa ameshaanza kukaanga viungo, harufu ilikuwa inafika karakana. Upande ule sikuweka gunia la pili. Nilifunga springi kwa uzi badala ya waya, nikasema, nani atajua? Sahani ya wali sikuila humo. Nilikwenda kuila nyumbani.

 Sina la kujitetea. Nilinyamaza mpaka Ikonge.

Bosibori alitupokea kwa kelele na machozi na chai ya maziwa. Mama Moraa alishuka vipande vipande, mguu, mkono, kichwa. Mwalimu akanipiga begani. "Kumi kwa kumi, sivyo?" Nikasema chai ni tamu.

Wakati wa kurudi, Bosibori alitoa mkungu mzima wa ndizi, ukawekwa kiti cha mbele kando ya Moraa, kwa sababu nyuma tulikuwa sisi wazee wawili. Mwalimu alikataa katakata kupanda gari la binti yake. Alitangulia na Mzee "kuonyesha njia".

Gari la Moraa liliwaka bila sauti. Mama Moraa akauliza kama bado. Tulikuwa tumeshatembea. Halafu likaanza kupiga mlio, ti, ti, ti.

"Ni nini hiyo?"

"Ni ndizi," Moraa alisema. "Gari linadhani ni mtu hajafunga mkanda." Akasimama, akaufunga mkungu mkanda. Mlio ukakoma. Mama Moraa aliutazama ule mkungu ulivyofungwa, umekaa wima kama diwani, akatingisha kichwa.

Baadaye kidogo sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza tupinde kulia.

"Bwairire," Mama Moraa akaisalimia, maana ilikuwa mchana. Akangoja. "Moraa, huyu amekaa wapi? Hajanijibu."

"Ni gari, Mama."

"Hata kama ni gari."

Mimi sikusikia sana, nilikuwa nachunguza kiti. Kushona kwake ni kwa mashine, sawasawa, hakuna roho lakini hakuna kosa. Nikabonyeza kwa ngumi, nikabonyeza kwa kiwiko. Mlangoni palikuwa na vibonyezo, nikavibonyeza navyo. Kimoja, cha pili. Upande wa katikati pia vilikuwepo. Fundi akiona kidude lazima akiguse, ndiyo kazi.

Tulikuwa tunapanda kilima katikati ya mashamba ya majani chai nilipohisi joto.

Lilianza kidogo, chini yangu. Likaenea. Vijana, nina umri wa kutosha kujua joto linaloanza hivyo ni la nini.  Nikajiambia, Swaleh, haiwezekani. Chai ya Bosibori ilikuwa vikombe vitatu. Inawezekana. Nikawaza suruali yangu, nikawaza kiti kipya cha watu, nikawaza wajukuu watakavyohadithiwa. Nikamtazama Mama Moraa kwa pembe ya jicho. Naye alikuwa amekauka. Alikuwa anatazama nje kama mtu anayesoma ramani.  Jasho liko juu ya mdomo.

Nikateremsha mkono polepole, nikagusa. Kukavu. Sikuuamini mkono. Nikagusa tena. Kukavu, lakini moto unazidi! Ugonjwa gani huu?

"Moraa," Mama yake alisema, sauti nyembamba. "Simamisha gari. Nataka kushuka."

"Na mimi," nikasema.

Tulishuka, yeye mlango wake, mimi mlango wangu, tukasimama tumetazama majani chai, migongo kwa gari, hakuna anayemtazama mwenzake. Moraa akazunguka mbio.

"Mama, kuna nini? Ni mgongo?"

Mama Moraa akachuma jani moja la chai.

"Baba Fundi?"

"Tunapunga hewa," nikasema.

Moraa akachungulia ndani ya gari, akatoa kichwa. "Nani amewasha hita za viti?"

"Nini?"

"Hita. Viti vinapashwa moto. Hivi vibonyezo, viko viwili, vyote vimewashwa mpaka mwisho."

Mama Moraa aligeuka. "Kiti kinapashwa moto? Kwani ni chakula?"

Halafu akanitazama. Nikamtazama. Akaniona mkono wangu ulipokuwa, nyuma ya suruali, bado unapima. Akajua. Nami nikajua kwamba amejua, na kwamba naye pia. Kikamtoka kicheko ambacho sijasikia kwa mtu mzima. Alicheka akashika tumbo, akashika mti, akaachia mti, akainua kichwa juu akacheka kwenda mbinguni. "Nilidhani, Fundi! Walahi nilidhani!" Mkristo wa Sabato, akaapa kama sisi.

Moraa peke yake hakucheka. "Mama," alisema. "Mama, tazama ulivyosimama."

Alikuwa amesimama wima. Hakushika ukuta, hakushika mtu. Alitia mkono kiunoni, akajipapasa kama anayetafuta kitu mfukoni. "Pamelegea," alisema. "Ule moto umepalegeza."

Wakati huo huo tukamsikia Mzee anarudi nyuma, anakuja kinyumenyume mteremko mzima, milango inashangilia. Mwalimu alikuwa ametuona kwenye kioo tumesimama. Alishuka na uso wa sikukuu.

"Limekufa? Nilisema! Nina kamba!"

Halafu akamwona mke wake. Uso ukabadilika taratibu. "Mbona… umesimama hivyo?"

Mama Moraa alitazama chini. Nikaona anaanza kulitafuta lile tabasamu la kwenye kioo. Hapo sikuweza tena.

"Mwalimu," nikasema, "kiti cha gari lako kinamuumiza. Si uzee wa gari. Ni springi, upande wake, na niliifunga vibaya mimi siku ile ile ya kwanza. Kosa ni langu. Ameuma leso toka Birongo mpaka Ikonge."

Alinitazama, kisha akamgeukia mkewe.

"Ulisema uko sawa."

"Nilisema."

"Nimekuuliza njia nzima."

"Umeniuliza."

"Kimekuumiza toka lini?"

"Toka kabla sijaanguka. Kuanguka kulizidisha tu."

"Miaka yote? Kwa nini hukusema?"

Mama Moraa alikunja leso yake mara mbili. "Ulikuwa unaniangalia kwenye kioo, Mwalimu. Unafurahi."

 Hata ile sauti ya Kiingereza ilinyamaza. Mwalimu alitembea hadi kwa Mzee, akaweka kiganja juu ya paa lake, akakiondoa. Akarudi akanipa ufunguo.

"Mlete nyumbani wewe," alisema. "Mimi nakaa na mke wangu."

Vijana, mimi magari nilikuwa nayasogeza uani tu. Nilimwendesha Mzee mpaka Birongo kwa gia ya pili, baiskeli zikinipita na wenyewe wakinipa pole. Mbele yangu gari jeusi lilienda taratibu likinisubiri. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeteremshwa, na mkono wa Mama Moraa uko nje, unasalimia watu wa Nyamira nzima.

Jumanne ile Mama Moraa alikwenda hospitali kwa gari la binti yake. Akaenda na wiki iliyofuata. Sasa anaingia shambani mwenyewe, hachumi sana, lakini anagombeza wanaochuma. Mtu wa vyuma wa Masimba alikuja Jumatano kama alivyoahidi, akapewa uji, akarudi mikono mitupu.

Mimi nilirudi Birongo na shazia yangu kukifumua kile kiti. Sikuombwa. Nilikitoa springi hadi springi, nikafunga kwa waya, nikaweka magunia mawili, na upande ule nikaweka matatu. Kwa kuwa macho yangu hayaoni tundu la sindano, Mama Moraa ndiye aliyekuwa akinitungia uzi, amekaa kwenye stuli yake, anasema mishono yangu imepinda. Basi nawaambieni, mafundi wa kesho, usimwulize mtu kiti kikoje mbele ya anayempenda. Atakudanganya kwa mapenzi mema kabisa. Mtazame mikono.

Kiti kilipokwisha tukakirudisha. Nikaomba sahani ya wali, nikakaa, nikala hadi punje ya mwisho, sikusogea. Halafu Mwalimu akamfungulia mkewe mlango, akamshika mkono, akamkalisha. Akachuchumaa nje, uso kwa uso naye, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, si ya darasani.

"Haya. Kikoje?"

Mama Moraa alikaa kidogo. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Akanitazama kwa huruma, akamtazama mumewe.

"Kigumu," alisema.

"Kigumu sana?"

"Kama benchi la kanisa."

Mimi nilitaka kuingia ndani ya gunia lililobaki. Lakini Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akarudia, "Kigumu! Amesema kigumu!" kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akainuka, akampa mkono.

"Basi shuka, mama. Moraa anakungoja."